Mgebuka Aliyeanguka Botini

Mama hakuwa amepanda boti tangu alipokimbia mji wa Baraka, upande wa Kongo, kuja Bujumbura, mimi nikiwa mgongoni. Mwaka jana mdogo wake aliyebaki kule aliugua, akapona, kisha akatuma ujumbe kwamba hatangoja kuugua tena ndipo tuende kumwona. Mama akafunga duka lake la vitenge pale Mutakura, tukashuka bandarini.

Tulipopita Uvira, boti ikafuata ukingo wa ziwa kwenda kusini. Mama alishika kiti kwa mikono miwili, macho kwenye mawimbi.

"Mama, usiangalie maji. Angalia ndege."

Akatii. Shakwe walitufuata nyuma wakidhani sisi ni wavuvi. Kwenye miti ya ufukoni walikaa tai wenye vichwa vyeupe, kila mmoja na mti wake. Mama aliwakagua wote kama wateja wasionunua.

Mara tai mmoja akashuka, akagusa maji, akapaa na samaki. Shakwe wakamvamia.

"Wanataka nini?" Mama akauliza.

"Samaki yake."

"Si washike yao!"

Tai akapinda juu yetu, samaki akamponyoka, akagonga turubai, akateleza hadi miguuni pa Mama. Alikuwa mgebuka mzima, bado anarusha mkia.

Bwana mmoja mwenye tai ya shingoni akainama haraka. "Mi niliiona wa kwanza."

"Hata mi niliiona. Lakini iko kwa miguu ya nani?" Mama akamuuliza.

Nahodha alipoulizwa, alisema kinachoanguka kutoka juu hakimo kwenye orodha yake ya mizigo. Ndege akazunguka juu yetu mara mbili.

"Mwenyewe anaitafuta," yule bwana akasema.

"Basi ashuke tuzungumuze," Mama akajibu, akimfunga mgebuka ndani ya kitenge kipya.

Kule Baraka, mdogo wake alitungoja ufukoni. Kwa miaka mingi Mama alikuwa akilia kila aliposikia sauti yake kwenye simu, kwa hiyo nilikuwa nimetayarisha leso. Mama akamkabidhi samaki.

"Yaya, unatoka Buja na samaki moja?" mama mdogo akamuuliza dada yake.

"Apana. Nimeipata njiani. Tai ndiye alinipa."

Mama mdogo akamgeuza samaki, akagusa matundu ya makucha. "Kweli."

Wakatangulia, wakibishana kama atakaangwa au atachemshwa. Katikati ya njia mama mdogo akasimama.

"Nilifikiri sitakuona tena."

"Hata mi," Mama akasema.

Wakashikana mikono, wakaendelea kubishana. Mabegi yote matatu niliyabeba mimi.