Mtambo Uliolishwa Machicha ya Arusi

Saa moja asubuhi, Lusahunga. Malori ya kwenda mpakani Rusumo yanaunguruma kuondoka, na Evarista Ndayisenga, mama wa miaka hamsini na mbili, amepiga magoti nyuma ya gesti, ananusa tundu la zege. Ananusa kama mpishi juu ya chungu, ila chungu hiki kimejaa maji ya vyoo.

"Bado kunanuka uchachu," anasema. Amechoka mpaka sauti.

Miaka sita sasa kazi yake ni kuutunza mtambo huu, kwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Maji machafu ya vyoo na jikoni yanaingia kwenye shimo lililozibwa hewa isipite. Humo vijidudu vinakula uchafu, vinatoa gesi ya kupikia, na maji yaliyopungua makali yanakwenda kwenye migomba.

Leo ni siku ya kumi na tisa vijidudu vimegoma. Gesi haishiki moto, maji yanatoka yananuka. Mwenye gesti, mzee Gervasi, ameapa: moto usipowaka leo, kesho shimo linafukiwa, na kazi ya Evarista inafukiwa humo humo.

"Mama Keza, leo tena kuni?" anapiga kelele Leonsia, mpishi, macho mekundu kwa moshi. "Mpe uji huyo mgonjwa wako!"

"Alishakunywa vya kutosha," anajibu Evarista.

Anajua ugonjwa ulikotoka. Keza, binti yake mkubwa, alipoolewa, pombe ya ndizi ilitengenezwa hapa hapa uani. Kesho yake Evarista akamimina machicha, makapi ya pombe ile, mtamboni, mapipa matatu kwa mkupuo.

"Nilisema mtambo nao usherehekee," ananong'ona. "Ng'ombe wanayala, hawafi."

Tumbo la mtambo likachacha. Tangu hapo amepunguza maji yanayoingia, anatia majivu ya kukata uchachu na samadi mbichi ya kuleta vijidudu vipya, ndoo kwa ndoo, kwa mgongo wake mwenyewe.

Saa nne Gervasi anafika. Evarista anafungua bomba, anawasha kiberiti. Moto wa buluu unatokea, mdogo, unayumba. Unakaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe mtambo umepona!"

"Usifurahi kwanza. Mimi ndiye niliyeuharibu." Anamweleza yote.

Gervasi anautazama moto, anamtazama yeye. "Mapipa matatu! Na mimi siku ile ulinipa kikombe kimoja." Anacheka peke yake. "Endelea na kazi."

Evarista anakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mwezi wa Agosti, mdogo wake Keza naye anaolewa.

"Pombe nitatengenezea nyumbani Nyantakara," anasema. "Machicha watakula ng'ombe. Wageni wakiondoka, nalala. Asiniamshe mtu."