Hatua Themanini na Moja

Kutoka benchi la Nyalenda Doves hadi katikati ya goli ni hatua themanini na moja. Beldina alizihesabu siku mbili kabla ya mechi, akiwa peke yake kwenye uwanja ule wa kukodi huko Mamboleo, begi la dawa begani, akitembea mwendo aliotaka kuutumia siku yenyewe. Haukuwa mwendo wa kujikokota, kwa sababu refa angeuona. Haukuwa pia mwendo wa mtu anayewahi. Ulimchukua dakika moja na sekunde nne. Akarudi, akahesabu tena, akapata zile zile.

Beldina ana miaka thelathini na tisa na anauza njumu za mitumba soko la Kibuye, mstari wa tatu kutoka kwa wauza mapazia. Asubuhi huzisugua kwa brashi ya meno na sabuni ya unga, huzipaka chaki nyeupe pale kwenye michubuko, kisha huzipanga kwa saizi. Juu ya kibanda ametundika cheti cha huduma ya kwanza kilichofunikwa kwa plastiki. Kozi ilikuwa ya wiki mbili. Kwa cheti hicho wachezaji wa Doves humwita Dakta, na yeye huitika.

Zamani alikuwa winga. Mwaka 2009, katika mechi ya mchujo, aliumia goti dakika ya sitini, na mtu wa huduma ya kwanza akamtoa uwanjani ilhali bado angeweza kusimama. Timu yake ikafungwa dakika ya themanini, kupitia upande wake. Goti lilipona baada ya mwaka. Kutolewa hakukupona.

Msimu huu Doves walisajili wasichana ishirini na wanne. Uwanja wao wa mazoezi kule Nyalenda ni changarawe tupu, na mvua ikinyesha changarawe hiyo husombwa na kuacha mawe yamechomoza. Kufikia wiki ya mwisho walikuwa wamebaki kumi na watatu wanaoweza kukimbia. Magoti manne, vifundo vitatu, mfupa mmoja wa bega, misuli ya paja ya watu wawili. Kipa wa pili alivunjika kidole akifunga mlango wa choo, jambo ambalo wenzake walicheka mpaka walipofahamu maana yake: kipa alikuwa mmoja tu, Dorca, na mbele yao kulikuwa na mchujo wa kupanda daraja dhidi ya timu ya Bungoma iliyokuja na kikosi kizima.

Kocha wao, Waswa, ni mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Alhamisi ile alimfuata Beldina sokoni, akakaa juu ya gunia la viatu.

"Dakta, mchezaji akitibiwa uwanjani, sheria inasemaje?"

"Anatoka nje, anangoja refa amwite."

"Na kipa?"

Beldina aliacha kusugua. "Kipa hatoki."

"Hapo ndipo tutapumzikia," Waswa alisema. "Hawa wasichana hawana dakika tisini miguuni. Wana ishirini. Wakipata pumziko wana ishirini nyingine. Dorca ataketi chini, wewe utaenda kumwona, wenzake watakuja kwenye mstari wanywe maji na wanisikilize. Mara tatu, labda nne. Kazi yako ni usikimbie."

Walikubaliana ishara. Dorca akitaka pumziko tu, atainua mkono wa kushoto, aunyooshe na kuuacha juu. Akiwa ameumia kweli, atapiga chini kwa kiganja.

"Na kama hawezi kupiga?" Beldina aliuliza.

"Dorca? Huyo hata ukimzika atapiga jeneza."

Wote wawili walicheka, kwa sababu walimjua. Dorca ana miaka ishirini na miwili. Huuza maji kwenye bomba la mtaa, akiinua mitungi ya lita ishirini kutwa nzima, na mikono yake inajulikana Nyalenda yote. Anaishi na mama yake, Jacinta, ambaye hakuwahi kuja kumtazama akicheza kwa sababu, alivyosema, mpira wa wasichana una kelele nyingi na chakula kidogo.

Jumamosi mpango ulikwenda kama ulivyoandikwa ubaoni. Dakika ya kumi na moja nahodha, Valarie, alipiga kona ya chini, mpira ukamgonga beki wa Bungoma kwenye paja ukaingia wavuni. Baada ya hapo Doves hawakutaka tena mpira. Walirudi nyuma wote, mabeki watano mstari mmoja na viungo wanne mbele yao, wakaacha pembeni wazi na kuziba katikati. Bungoma wakapiga krosi, na krosi zilikuwa za Dorca.

Dakika ya thelathini na moja Dorca aliketi chini, mkono wa kushoto juu. Beldina akachukua begi, akatembea. Dakika ya hamsini na tano tena. Dakika ya sabini na mbili tena. Kila mara wasichana kumi walikimbilia mstari, wakanywa maji, wakamsikiliza Waswa akiwaonyesha kwa vidole nani amfuate nani. Kila mara walirudi wakiwa timu mpya. Mashabiki wa Bungoma walishamfahamu.

"Mama, tukuitie bodaboda?"

"Muacheni, anatafuta njia. Hajawahi kufika kule."

Hata wa Nyalenda walijiunga, wakiimba mos-mos, mos-mos, yaani pole pole kwa Kijaluo, wakipiga makofi kwa kila hatua. Beldina hakugeuka. Alipofika alipiga magoti, akamnyunyizia Dorca maji mguuni, akamfunga na kumfungua bandeji.

"Dakta, hiyo bandeji umeifunga mguu gani?" Dorca alinong'ona mara ya tatu.

"Uliosema unauma."

"Nilisema huu mwingine."

"Basi chechemea na yote miwili, refa achague."

Wakati huo Waswa alikuwa amewatumia wachezaji wake wawili wa akiba. Benchi lilikuwa na Beldina, kocha na chupa.

Dakika ya themanini na nane krosi ilitoka kulia, ya juu. Dorca alitoka golini kuifuata. Mshambuliaji wa Bungoma aliruka pia, bila nia mbaya, macho kwenye mpira, na goti lake likampata Dorca juu ya sikio la kushoto. Dorca alianguka chali. Mpira ukatoka nje.

Mkono wake wa kushoto ukainuka, ukanyooka, ukabaki juu.

Beldina aliuona mkono. Alimtazama Waswa, naye Waswa akatikisa kichwa kukubali. Akachukua begi, akatembea. Makofi yakaanza.

Kwenye hatua ya hamsini hivi aliona mambo mawili. Mara tatu zilizopita Dorca aliushusha mkono mara tu alipomwona Beldina ameinuka benchini. Sasa haukuwa umeshuka. Vidole vilikuwa vimepindika kidogo, vimekakamaa, kama vya mtu aliyeshika kamba ambayo haipo. La pili, Valarie hakuwa kwenye mstari akinywa maji. Alikuwa amepiga magoti kando ya kipa wake.

Beldina alijua. Na bado hakukimbia. Refa alikuwa amesimama kati yake na goli, akimtazama, na kukimbia sasa kungekuwa kumkiria refa kwamba zile mara tatu zilikuwa za uongo. Hayo aliyafikiri kwa utulivu, kwa maneno kamili, na alipomaliza kuyafikiri alikuwa amefika hatua ya themanini na moja.

Mkono ulikuwa umeshuka. Macho ya Dorca yalikuwa wazi.

"Dorca. Tunacheza na nani?"

Dorca aliitazama midomo yake.

"Bungoma," Valarie alisema haraka, kwa sauti ya chini.

"Bungoma," Dorca alisema.

"Nani anaongoza?"

"Sisi, moja," alisema Valarie.

"Sisi," alisema Dorca. Kisha akauliza, kwa adabu, "Dakta, ni saa ngapi?"

Kwenye mstari Waswa alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, akiuliza. Dole gumba juu au chini. Akimtoa, Doves wangebaki kumi, na Valarie angevaa glavu ambazo hajawahi kuzivaa. Kozi ya wiki mbili ilikuwa imesema jambo moja tu juu ya kichwa: ukiwa na shaka, mtoe. Beldina hakuwa na shaka. Aliukumbuka mwaka 2009, upande ule wa kulia ukiwa wazi, na mtu wa huduma ya kwanza akimwambia pole. Aliinua dole gumba.

Msaidizi wa refa akainua ubao. Dakika tisa za majeruhi. Zilikuwa dakika za Beldina mwenyewe, zote alizozitembea, refa alikuwa ameziweka akiba na sasa anazirudisha, na wa kuzisimamia alikuwa Dorca.

Dakika ya tisini na sita mshambuliaji wa Bungoma alibaki peke yake na goli, hatua sita. Alipiga chini, kushoto. Dorca akaenda. Watu waliokuwa pale husema hawajaona kipa akishuka vile, kabla mguu haujagusa mpira. Aliusukuma kwa ncha za vidole ukagonga mlingoti ukatoka. Uwanja ulisimama. Dorca naye alisimama, akajipangusa, akakaa tayari kwa kona, magoti yamepinda, mikono mbele, akiwa ameukabili wavu. Valarie alimshika mabega akamgeuza.

Kipenga kililia. Doves walikuwa wamepanda daraja. Waswa alibebwa juu juu, akamwambia mtangazaji wa redio kwamba majeruhi si kisingizio, kwamba timu ndogo hushinda kwa nidhamu na kwa kujua kupumzika. Beldina alimkuta Dorca nyuma ya goli, ameshika wavu, akitapika.

Ndani ya tuktuk Dorca aliuliza, "Tumeshinda?"

"Tumeshinda."

"Nani alifunga?"

"Valarie, kona."

Walipofika kwenye mzunguko wa Kondele akauliza, "Tumeshinda?" Beldina akamjibu tena. Kabla ya kufika hospitali alimjibu mara tisa.

Tabibu wa zamu alikuwa kijana mpole mwenye daftari. Alimulika macho ya Dorca kwa tochi, kisha akamgeukia Beldina.

"Alipoanguka, mkono ulifanya kitu chochote?"

Beldina aliinua wake wa kushoto, akaunyoosha, akapinda vidole.

"Hivyo hivyo," tabibu alisema, akiandika. "Hiyo huja yenyewe. Ubongo ukitikisika, mkono husimama. Mgonjwa hajui. Ukiona hivyo, mchezo wake umeisha papo hapo." Alifungua ukurasa. "Alitolewa dakika ya ngapi?"

"Hakutolewa."

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea.

Jacinta alikuja na leso kichwani, bila kuuliza nani alishinda. Alimwambia Beldina, "Asante kwa kumleta, Mama," na Beldina hakupata pa kuyaweka maneno hayo.

Wiki saba baadaye Dorca alikuja Kibuye. Alivaa kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi kwa sababu jua lilimuumiza, na kwenye bomba la maji walikuwa wamempa kiti na kazi ya kufungua na kufunga, kwa maana akiinua mtungi dunia ilizunguka. Hospitali ilikuwa imesema mpira basi. Waswa alikuwa ameleta makipa wawili wapya kutoka Busia kwa ajili ya daraja jipya, na mazoezi yalikuwa yameanza kwenye uwanja wenye nyasi.

Aliketi juu ya gunia. Ilikuwa mara ya nne au ya tano.

"Dakta, nihadithie tena."

Hakuwa na kumbukumbu yoyote kuanzia asubuhi ya siku ile. Hakukumbuka kona wala mlingoti. Ushindi wake wote ulikuwa kwa Beldina, naye aliuchukua kidogo kidogo, kama mtu anayekuja kukopa. Beldina alimpa kona ya Valarie, mabeki watano, bandeji ya mguu usiouma. Dorca alicheka palepale alipocheka mara zilizopita.

"Halafu nikaanguka," Dorca alisema, akimsaidia.

"Halafu ukaanguka."

"Na wewe ukaja mbio."

Hivyo ndivyo Beldina alivyokuwa akiihadithia. Alikuwa ameshika njumu ya kushoto, saizi thelathini na nane, chaki haijakauka. Aliiweka chini.

"Nilitembea."

Dorca alingoja, akidhani ni mzaha.

"Mkono wako uliinuka nikadhani unapumzika. Nilipofika katikati niliona si hivyo. Nikaendelea kutembea. Halafu nikakuuliza maswali, Valarie akakujibia, nikasikia anakujibia, nikakuacha golini."

Kwa wauza mapazia mtu alikuwa akipigania bei. Dorca aliutazama mkono wake wa kushoto juu ya paja, akaugeuza, kiganja juu, kisha chini.

"Mimi sikuinua," alisema.

"Najua."

"Ni hatua ngapi?"

"Themanini na moja."

 Dorca alishusha kofia, akashika nguzo ya kibanda, akasimama taratibu kama anavyosimama siku hizi, akingoja ardhi itulie.

"Ile niliyookoa," alisema bila kumtazama. "Hiyo nayo ni kweli?"

"Hiyo ni kweli."

Aliitikia kwa kichwa, akaondoka kufuata mstari wa viatu, mkono mmoja ukigusa kila kibanda alichopita. Beldina alimsindikiza kwa macho, na kabla hajajizuia alikuwa anamhesabia hatua. Alipotea kwa wauza mapazia akiwa amefika ya arobaini.

Hajarudi tena kuhadithiwa. Begi la dawa Beldina alimrudishia Waswa. Cheti amekishusha, na mahali kilipokuwa pamebaki pembe nne safi kwenye mbao, ambazo wateja humwuliza zilikuwa za nini.