Doa Jeusi Darini

Jumba la zamani la sinema katikati ya mji wa Kisumu limekarabatiwa, na sasa ni ukumbi wa muziki. Viti vimeshonwa upya, jukwaa limepanuliwa. Msimamizi wake, mwanamke kijana mwenye adabu, alinialika nilitazame kabla ya kufunguliwa, maana mimi ndiye niliyeendesha projekta pale nilipotoka sekondari.

Tulipanda hadi chumba cha projekta. Dari yote ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, isipokuwa doa moja jeusi waliloliacha makusudi. Ukutani, chini yake, waliandika: "Alama ya moto uliosababishwa na mfanyakazi aliyetoroka kazini."

"Si ndivyo ilivyokuwa, Mzee?" aliniuliza. "Wazee wote wanatuambia hivyo."

Walisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyesema kwanza.

Tulikuwa wawili mle chumbani. Mimi niliendesha mashine. Mwenzangu, kijana wa Port Victoria, alizungusha upya filamu zilizokwisha na kunishikia zamu nilipotoka. Sheria ilikuwa moja tu: taa ikiwaka, mashine isiachwe peke yake.

Lakini mimi nilipenda kushangiliwa. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, na watu wa mtaa wa Kaloleni waliojaza viti vya mbele hawakuelewa neno. Nikazoea kushuka, kusimama kando ya pazia na kipaza sauti, na kuwatafsiria kwa Dholuo, lugha yetu. Nilitia chumvi. Bibi harusi akilia, mimi nilisema ameibiwa kuku.

"Omera, ongeza!" walinipigia kelele, na ndugu yao nikaongeza.

Jumapili moja mchana mwenzangu aliomba ruhusa amsindikize mama yake kituo cha basi. Nikampa. Halafu, nikijua kabisa kwamba juu hakuna mtu, nikashuka. Nilikuwa bado na kuku wangu watu walipoacha kucheka. Nikageuka. Picha ilikuwa imesimama, na tundu la kahawia lilikuwa likipanuka usoni mwa bibi harusi. Filamu ilikuwa imekwama mbele ya taa. Nilipofika juu, chumba kilikuwa moshi mtupu. Hakuna aliyeumia, lakini mashine iliharibika.

Mwenye jumba aliuliza nani alikuwa zamuni. Nikamtaja mwenzangu, nikasema ametoroka.

Alirudi akiwa na ndizi alizoninunulia stendi. Alifukuzwa pale pale mlangoni. Hakujitetea, aliniangalia tu, akingoja niseme. Nikatazama viatu vyangu. Mwishowe akaniwekea ndizi zile mkononi, akaenda.

Sasa nilimwambia msimamizi yote haya. Akasema, "Maandishi nitayafuta leo, Mzee."

"Yafute. Lakini siku ya ufunguzi nipe na kipaza sauti. Maneno yale niliyaweka midomoni mwa watu, si ukutani."

Mwenzangu anauza dagaa wa omena Port Victoria. Namba yake ya simu ninayo miaka mingi, na sikuwahi kuipiga. Jioni ile niliipiga.

"Ni mimi. Wa projekta."

"Sauti yako naijua. Ulishaongea ya kutosha."

"Njoo kwenye ufunguzi. Nataka kusema ukweli mbele ya watu."

"Nije nifukuzwe mara ya pili?" Akacheka kidogo, akakata simu.

Alikuja. Jumamosi mchana, kabla ya bendi kuanza, nilimwona safu ya tatu akiwa na mkewe na wanawake wanne wa sokoni kwao, wote wamevaa nguo za kanisani. Nilisimama kando ya pazia, mahali pale pale. Nilisema kwa Kiswahili, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu: niliacha mashine, nikasema uongo, mtu asiye na kosa akapoteza kazi. Nilikuwa narudisha kipaza sauti mwenzangu aliposimama.

"Bwana mtafsiri!" aliita. "Mke wangu na hawa mama hawajashika hata neno. Sema kwa Dholuo. Na leo usiongeze kitu."

Baadhi ya watu walicheka. Yeye hakucheka, ila alikaa, akakunja mikono, akingoja kama alivyoningoja mlangoni.

Nikaanza upya kwa Dholuo, polepole, tangu aliponiomba ruhusa ya kumsindikiza mama yake, hadi aliponiwekea ndizi mkononi.