Salamu Haikatizwi

Ijuganyondo, ukipita mbele ya nyumba ya Mama Vestina ukasema "mambo" na kuendelea na safari zako, umejitafutia. Atakuita urudi. Atakuuliza wewe ni wa nani, baba ameamkaje, mama je, ng'ombe amezaa, migomba imesimama baada ya upepo ule. Nawe utajibu kimoja kimoja, hata kama umechelewa shule. "Salamu haikatizwi," husema. Wajukuu humcheka kwamba dakika za simu humwishia kabla hajafika kwenye neno alilopigia, na hawamsingizii.

Lakini bingwa huyu wa salamu alikuwa na mtu mmoja asiyemsalimu: mdogo wake wa tumbo moja, Annastella, aliyeolewa Muleba. Baba yao aliwagawia kibanja cha migomba, na katikati akapanda mulamula, mti wetu wa mpakani. Alipofariki, siku moja mulamula ikaonekana imesogea. Mkubwa akasema ni mdogo, mdogo akasema ni mkubwa, na majirani wenye akili wakaishuku mvua. Tangu hapo dada hao wakikutana kanisani, kila mmoja huangalia msalaba. Vestina alikuwa na hoja yake, ngumu kama jiwe la kusagia: kwetu mdogo ndiye humwanza mkubwa kwa salamu, tena akiwa mwanamke hupiga magoti. "Aanze yeye," alisema. Miaka ikaenda. Migomba ya mpakani ikajaa majani makavu, maana hakuna aliyethubutu kuigusa.

Alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe Gamaliel, akitibiwa macho, habari zilipokuja kwamba Annastella amelazwa Muleba, utumbo umejisokota, na kesho yake asubuhi atapasuliwa. Gamaliel akampandisha treni ya umeme alfajiri, afike Dodoma aunganishe basi la Bukoba. Kumwahi mdogo wake kabla ya kisu hakukuwezekana. Kilichobaki ni simu.

Kutoka Dar hadi Morogoro simu ilikuwa mkononi, mtandao umejaa, naye hakupiga. Alikuwa akipanga maneno. Aseme nimekusamehe? Hapo atakuwa amemfanya mwenzake mkosaji. Aseme nisamehe? Ulimi wake haukuizoea njia hiyo. Aliwasha kioo, akakizima, akakiwasha tena. Aliogopa, na woga wenyewe ulimtia hasira.

"Mama, kama una simu ya kupiga, piga sasa," akasema Zuena, mfanyabiashara wa vitenge aliyekaa kiti cha jirani. "Tukishapita Kilosa ni mahandaki. Humo mtandao ni bahati nasibu."

Ndipo akapiga. Alipokea Dativa, binti wa Annastella. "Mama mkubwa? Wanamwandaa. Nampa simu, lakini msiongee sana."

Ikasikika pumzi ya mgonjwa, basi. Mkubwa alikuwa akingoja aanzwe, kwa mazoea tu, na nje milima ilikuwa imeshaanza kusogea karibu na reli.

Vestina akashika kiti cha mbele, akajiteremsha polepole, akapiga magoti katikati ya behewa. Zuena akadhani ameangusha kitu, akainama kumsaidia kutafuta.

"Wabonaki, waitu," akasema Vestina. Umeona nini, mpendwa: ndivyo tunavyosalimiana kwa Kihaya.

Kisha Annastella akasema, "Dada, mbona sauti yako inatoka chini? Na magoti yako nayasikia yakilia. Uko wapi?"

"Kwenye treni."

"Umenipigia magoti kwenye treni?"

"Nijibu salamu kwanza. Mumeo hajambo? Watoto je? Yule mbuzi..."

"Mume wangu..."

Giza likafunika madirisha, simu ikakatika.

Zuena alimwinua akamkalisha. Vestina alilia waziwazi, mbele ya watu asiowajua. "Sijamwambia," alirudia. "Salamu zimekula mtandao wote, na neno lenyewe sijalifikia." Treni ikatoka nje, akapiga, simu haikuita, handaki jingine likawameza. Alijichukia kwa ajili ya Morogoro yote ile, kwa mtandao wote ule ulioachwa upite bure.

Walipotoka handaki la mwisho, simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake magurudumu ya kitanda yakisukumwa.

"Dada, mtandao umekatiza salamu, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu haikatizwi. Mume hajambo. Watoto hawajambo. Mbuzi kazaa mapacha. Na wewe, macho yanaona? Gamaliel hajambo? Na migomba yetu ya mpakani, nayo haijambo?"

Alirudia kusikiliza. Yetu, alisema yetu. Akabonyeza pale Gamaliel alipomfundisha, akajibu: "Haijambo, ila majani makavu yameizidi. Pona, uje tuipunguze wote."

Ikaonekana tiki moja. Alikitazama kile kialama mpaka Zuena naye akaacha mambo yake wakakitazama pamoja. Ikaongezeka ya pili, kisha Dativa akaandika: "Nimemsikilizisha mlangoni, mama mkubwa. Ameingia."

Kutoka hapo simu haikuleta neno lingine, na usiku kucha ndani ya basi Vestina alisali rozari bila kujua amefika fumbo gani. Basi lilipofika Muleba hakungoja Bukoba, akashuka.

Wodini, Annastella alikuwa amelala, mpira puani, midomo mikavu. Vestina akasimama kando ya kitanda na kikapu chake mkononi. Mgonjwa akafumbua macho, akamtazama, akajaribu kuinua kichwa, akashindwa. Akaanza yeye.

"Wabonaki, dada."

Na Vestina, aliyewarudisha njiani watoto wa Ijuganyondo nzima, akaweka kikapu chini, akaitikia, akaulizia mmoja mmoja mpaka mbuzi na mapacha wake.