Mimi, Wekesa na Kadi Isiyotangazwa

Natengeneza laptopu hapa Kitale, na siku nzima naongea na bisibisi. Kwenye grupu la wapenda gemu niliandika kwamba kadi mpya ya grafiki za laptopu iko njiani, ingawa kampuni inayoitengeneza haijatangaza. Nilibahatisha tu. Hakuna aliyejibu.

Basi nikatumia laini yangu ya pili, nikajiita Wekesa wa Bungoma, nikauliza, "Itakuwa na nguvu kiasi gani, bro?" Nikajijibu. Tukapiga stori wiki mbili, mimi na Wekesa.

Jana nikasahau kubadilisha laini. Wekesa akauliza, Wekesa akajibu, Wekesa akajishukuru.

Msimamizi wa grupu akaandika, "Wekesa bana, si utusalimie huyo fundi wa Kitale?"

Vicheko vikajaa. Kumbe wote walikuwa wanasoma.