Flashi ya Nyumba ya Mzee Sulle

Restituta alikuwa na tabia moja ambayo mumewe aliizoea kwa shida. Akiingia nyumba yoyote, kabla hajakaa, alisimama kwanza mlangoni na kutazama mwanga unaingilia wapi na unaishia wapi. Watu wa Katesh, wilayani Hanang, alikokuwa na studio yake ndogo ya picha, walidhani anakagua usafi wao. Kumbe mwenzao alikuwa mbali kabisa. Alikuwa anaona jinsi jua linavyoshukia kwenye beseni la maji, linavyopanda ukutani, linavyochoka kabla ya kufika kwenye pembe za chumba. Kazi ya picha alikuwa ameifanya miaka kumi na miwili, harusi, ubatizo na mahafali, na bado alikuwa akisimama hivyo milangoni kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika kweli, alipigiwa simu na Jenifa. Walisoma wote shule ya msingi kule Nambis, upande wa Mbulu, alikozaliwa na kukulia Restituta kabla ya kuolewa Hanang.

"Resti, mama anataka picha," Jenifa alisema. "Picha ya watoto wote na wajukuu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuwa tumekusanyika. Ila mama hawezi kutolewa nje. Ni humo humo ndani."

Restituta aliifahamu nyumba hiyo. Ilikuwa nyumba ya zamani, iliyochimbiwa kwenye mteremko hata mgongo wake ukawa ndani ya udongo, paa lake chini, mlango mmoja na kidirisha cha kupitisha mkono. Jenifa alikuwa amewajengea wazazi wake nyumba ya bati hatua ishirini kutoka hapo. Lakini mama yake, Bibi Efrazia, aliyevunjika nyonga akichota maji, alikataa kuhamishwa. Na mumewe, Mzee Sulle, akasema basi na yeye hahami.

Restituta aliamua kwenda kujaribu kabla ya siku yenyewe. Alichukua kamera yake na lenzi pana, ile inayokusanya chumba kizima hata kama mpigaji ameegemea ukuta. Alipofika, ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya ngano na maharage, na nyumba ilionekana kama kivimbe tu cha ardhi kinachotoa moshi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kuna joto."

Ndani ilikuwa giza la kahawia. Moto uliwaka polepole, na kadiri alivyolizoea giza kitu kipya kilijitokeza: vibuyu vya maziwa vimening'inia, kihenge cha mahindi, kitanda, na kitandani Bibi Efrazia, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Restituta alisimama muda mrefu. Alitamani kuipata nyumba nzima, vile vile, bila kuishtua. Kisha akainua kamera na kupiga, kwa flashi ndogo iliyomo kwenye kamera yenyewe.

Bibi Efrazia alifunika macho kwa mikono miwili.

"Umenimwagia nini, mwanangu?"

Jenifa, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka. Restituta hakucheka. Kwenye kioo cha kamera, uso wa bibi ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga. Nyuma yake hakukuwa na kitu, vibuyu vimemezwa, kihenge kimemezwa, pembe zote nne nyeusi. Na chini ya picha kulikuwa na kivuli cha mviringo, kivuli cha lenzi yake mwenyewe, kilichomkata bibi miguu.

"Mwache apumzike," Mzee Sulle alisema kwa upole. "Utarudi ukiwa na taa yenye adabu."

Maneno hayo alishuka nayo mlimani. Ndani ya ukungu ule hapakuwa na jua wala kivuli; mwanga ulitoka kila upande na haukumgusa mtu kwa nguvu. Alitembea taratibu, akijinyooshea mkono mbele ya uso, akiutazama. Hivi ndivyo, aliwaza. Hivi ndivyo ninavyotaka ndani ya nyumba ile.

Juma lililofuata alikwenda Arusha, kwenye duka la vifaa vya picha la bwana mmoja mpole aitwaye Hermani. Hermani alimpangia flashi tatu juu ya kaunta.

"Hii ndogo ni nyepesi, wengi wanaipenda. Hii ya kati inajipangia nguvu yenyewe. Hii kubwa kichwa chake kinageuka. Unakielekeza juu, mwanga unagonga dari jeupe, unarudi chini laini. Kwa ndani hakuna kama hiyo, dada."

"Dari lenyewe ni jeusi," Restituta alisema. "Lina masizi ya miaka hamsini."

Hermani akakuna shingo. "Basi dari halitakurudishia kitu."

"Una stoo?"

"Stoo ipo. Ya nini?"

"Nataka kuzijaribu gizani."

Hermani alisita, kisha akachukua funguo. Stoo ilikuwa nyembamba, imejaa maboksi hadi juu. Restituta alifunga lenzi pana, akaegemea mlango, akaijaribu flashi moja baada ya nyingine. Kila alipopiga, alikuza picha na kukagua pembe. Wateja wengine, Hermani alimwambia baadaye, wanatazama katikati tu.

Ile ndogo iliwasha boksi la katikati na kuyaacha mengine usiku. Ya kati ilikuwa nzuri kiasi, ila haikukubali kupangwa nguvu kwa mkono, na Restituta hakutaka kifaa kiamue chenyewe bibi apate mwanga kiasi gani. Ile kubwa ilikuwa na kipande cha plastiki kinachovutwa kutoka kichwani na kufunika kioo chake. Alipokivuta, mwanga ulitawanyika hadi kwenye maboksi ya pembeni kabisa, hafifu lakini sawasawa. Tena ilikuwa na kifaa kidogo cha kubaki kwenye kamera, ili flashi yenyewe iwekwe popote chumbani na kuwaka kwa kuamriwa.

"Kwa hiyo haihitaji kukaa juu ya kamera?"

"Hata ukiiweka nyuma ya mlango itakusikia."

Akachukua hiyo.

Bado suala la dari lilimsumbua. Kesho yake jioni, nyumbani kwa mama mkwe wake huko Nangwa, aliomba jiko la nje, ambalo paa lake pia lilikuwa jeusi tititi. Aliigeuza flashi juu, akapiga: giza. Akaielekeza ukutani: giza la kahawia. Mama mkwe aliyekuwa akianua nguo alipita mlangoni na shuka jeupe begani, na Restituta, bila hata kufikiri, akaligeuzia lile shuka kichwa cha flashi na kubonyeza. Jiko zima likajitokeza kwenye kioo cha kamera, masufuria, mafiga, kuni, kila kitu kimelowa mwanga mtulivu kama wa asubuhi yenye ukungu.

"Mama, naomba unishikie hilo shuka," alisema. "Usiondoke kwanza."

Walikaa humo saa nzima, mama mkwe akihamishwa huku na huku na shuka lake, akilalamika na kufurahi kwa pamoja.

Jumamosi ilipofika, watu kumi na tisa walibanana ndani ya nyumba ya Mzee Sulle. Wengine walikaa chini, wengine walipanda kwenye kihenge, mtoto mchanga alilazwa kifuani kwa Bibi Efrazia. Restituta alikuwa ametundika mashuka mawili ukutani, upande wa mlango, na flashi ameifunga kwenye kigingi, imewapa watu mgongo, inayatazama mashuka. Yeye mwenyewe aliingia kwenye kona na kubana mgongo ukutani.

Alipiga mara ya kwanza, akapunguza nguvu. Akapiga tena, na tena.

"Unaanza saa ngapi?" Bibi Efrazia aliuliza. "Huyu mtoto atalia."

"Nimeshapiga sita, mama."

"Sita? Mbona sijaona taa?"

Watu walicheka wote, na hapo Restituta akapiga ya saba. Ndiyo aliyoichagua baadaye: vinywa wazi, vibuyu juu ya vichwa vyao, moto mdogo bado unaonekana kuwa moto, na pembe zote nne zipo. Mzee Sulle aliitazama kwenye kamera kwa muda, kidole chake kikitembea hewani kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kumbe tumekaa mahali pakubwa," alisema.

Chakula kilipoiva watu walitoka nje. Restituta alipoanza kukunja mashuka, bibi alimwita.

"Usiyatoe kwanza. Nipigie nyingine. Mimi peke yangu na nyumba."

"Unataka nikusogelee, mama?"

"Hapana. Kaa huko huko mbali. Huwa nalala hapa naangalia huko. Nataka nijue ukiwa huko unaonaje huku."

Restituta akarudi kwenye kona yake. Kupitia lenzi, kitanda kilikuwa mbali sana, kama kimeelea mwisho wa chumba kirefu, na mwanamke mdogo juu yake alikuwa amegeuzia uso ukuta wa udongo, mkono ameuweka juu ya ukuta huo, akiupapasa polepole. Hakuwa akiitazama kamera. Restituta alisubiri, labda atageuka. Hakugeuka. Nje mtu aliita kwamba nyama inapoa. Akabonyeza, na mwanga ukapita juu yao wote wawili bila kishindo.