Kwato Zilizobaki Majanini

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron wa studio pale Mushaki alinikalisha mbele ya ordinateri, kompyuta yake, akanionyesha bibi harusi kwenye video. "Huyu abaki," akasema. "Ingine yote itoke."

Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe: kumzungushia mtu mstari, picha baada ya picha, ishirini na tano kwa kila sekunde, hadi atengane na kilicho nyuma yake. Mstari huo tuliuita maski. Nilikuwa na diploma ya filozofia. Shela ya bibi harusi yule ilinila wiki nzima.

Mwaka wa tatu nikajiona bingwa. Papa Bahati, mfugaji wa Karuba, akaleta video ya ng'ombe wanne wa mahari ya mwanawe. Wajomba wa binti aliyeposwa walikuwa Walikale, barabara haipitiki. Wangewakagua ng'ombe kwenye simu. Wakiwakataa, hakuna ndoa. Papa Bahati aliomba niifupishe tu. Mimi nikaona aibu ya uzio uliovunjika na matope nyuma yao. Nikawakata ng'ombe, nikawasimamisha kwenye uwanda safi kama wa kalenda.

Kwato zilikuwa zimezama majanini, na maski haikati kisichoonekana. Nikaishia pale majani yalipoanzia.

Tukawatumia wajomba, na Jumamosi mmoja wao akapiga simu. Patron akaweka sauti kubwa.

"Patron, hizi ngombe zinasimama na nini? Maguru inaishia mu hewa! Munatuficha ugonjwa ya kwato?"

Papa Bahati, aliyekuja kusubiri jibu, akanigeukia. "Kaka, miaka yote ya iniversite, ndio walikufundisha kukata ngombe maguru?"

Nikatuma video ya kwanza, isiyokatwa, na uzio wake na matope yake. Tukasubiri, Papa Bahati akiikunja kofia yake. Simu ikalia.

"Sasa naona. Ile ya mabaka inapanda mulima bila kuchechemea. Na majani iko mingi, hazitalala njaa. Tunakubali. Ila ule uzio mutengeneze mbele ya bibi-arusi kufika."

"Leo leo!" Papa Bahati akapaza sauti, tayari yuko mlangoni.

Sasa macho, yaliyochoshwa na kioo, yamenistaafisha mapema. Vijana, programu zenu hukata kwa dakika moja, tena vizuri kuliko mimi; siwaonei wivu, au kidogo tu. Lakini programu haijui mtazamaji anatafuta nini. Miaka yote iliyobaki, kabla ya kukata, nilikwenda kwanza kuuliza nani ataitazama picha. Nilichelewesha kila kazi, Patron alinung'unika hadi siku ya kuniaga, na sikuhatarisha tena harusi ya mtu.